Kuunda onyesho la majaribio pamoja na wasanii wa Japani na kulizungusha mijini: naomba uzoefu wenu

Bamvua (Unguja)

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Ninaongoza kikundi kidogo cha sanaa za maonyesho, watu wanne tu, na mazoezi yetu tunayafanyia pwani ya mashariki ya Unguja. Kwa miaka miwili sasa tumekuwa tukiandikiana na wasanii wawili wa Japani, mmoja mcheza dansi na mwingine fundi wa sauti, na mazungumzo yamefika mahali ambapo hayawezi kuendelea kuwa mazungumzo matupu: wametualika tukaunde nao onyesho jipya kwao kwa wiki saba, tulipeleke katika miji mitatu huko huko, kisha mwaka unaofuata tulilete Zanzibar na Dar es Salaam.

Kiini cha onyesho ni pumzi. Kwetu wako wanawake wanaoshuka miambani, maji ya bamvua yakishakupwa, kuchokoa pweza, na wako wanaolima mwani. Kwao, katika pwani ya Toba na Shima, mkoa wa Mie, wako wanawake waitwao ama, ambao huzamia baharini bila mtungi wa hewa kutafuta konokono wakubwa waitwao awabi, na kila wanapoibuka huachia pumzi kwa mlio mwembamba unaofanana na mbinja. Mlio huo Wajapani wameupa jina lake, isobue, yaani filimbi ya mwambani. Mwenzetu wa sauti alinitumia rekodi yake, nami nikamsikilizisha shangazi yangu, ambaye amechokoa pweza tangu utoto wake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Nani huyo anayelia?” Swali hilo ndilo tunalotaka kulifanyia kazi. Hatuna hadithi, hatuna tamthilia iliyoandikwa, wala hatutaki kuwa nayo kabla hatujaingia chumba cha mazoezi.

Sasa ukakasi ulipo ni huu. Imebaki miezi minane, na mratibu wa upande wao ameshatuomba urefu wa onyesho kwa dakika, orodha ya vifaa, mchoro wa jukwaa, mahitaji ya taa, na maelezo mafupi ya kuchapishwa kwenye tangazo. Nitajuaje dakika za kitu ambacho hakijazaliwa? Tena nimewaeleza mara tatu kwamba tungependa kuanza kwa kufukiza ubani kwenye chetezo, na mara zote tatu nimejibiwa kwa adabu kuhusu mambo mengine, na chetezo hakikutajwa kabisa.

Kwa hiyo ninawauliza mliowahi kufanya kazi Japani: mliwezaje kupata nafasi ya kujaribu ndani ya ratiba ya namna hiyo? Lugha mliitatuaje jukwaani, na onyesho lenyewe mliandikishana kuwa ni la nani?

Kinganga (Dar es Salaam)

Wa alaykum salaam, dada Bamvua. Mimi ni mcheza ngoma niliyesomea Bagamoyo, na nimekwenda Japani mara mbili kwa kazi kama hiyo yako, mara ya kwanza nikiwa sijui kitu, mara ya pili nikiwa nimeshafundishwa na makosa ya mara ya kwanza.

Kwanza uondoe wasiwasi kwamba wanaokuomba dakika ni watu wanaoogopa majaribio. Nchi hiyo ina historia nzito katika sanaa ya namna hii kuliko nchi nyingi zinazojisifu kwayo. Hijikata Tatsumi alianza mwaka 1959 kucheza dansi iliyowafadhaisha watazamaji, na kutokana naye na Ohno Kazuo ikazaliwa butoh. Mwaka 1967 Kara Juro alisimamisha hema jekundu katika uwanja wa hekalu la Hanazono, katikati ya Shinjuku, akaonyeshea humo. Mwaka 1976 Suzuki Tadashi aliihama Tokyo pamoja na kikundi chake wakaenda kufanya kazi katika nyumba za wakulima zenye mapaa ya nyasi huko Toga, kijiji cha milimani mkoani Toyama. Unaozungumza nao ni wajukuu wa watu hao. Tofauti ni kwamba wao wanajua majaribio yanafanyika lini, na sisi tumezoea kwamba yanafanyika wakati wowote, hata mbele ya watazamaji.

Kazi yao imegawanywa na siku moja inayoitwa koya-iri, yaani kuingia kibandani, maana ukumbi wa maonyesho huitwa kibanda hata ukiwa wa zege na marumaru. Kabla ya siku hiyo ni keiko, mazoezi, na humo unaweza kuvunja kila kitu na kuanza upya, wala hakuna atakayekushangaa. Baada ya siku hiyo hakuna tena kuvunja. Asubuhi mafundi wanafunga taa na mandhari. Halafu mnapitia kila badiliko la taa na sauti, moja baada ya jingine, wasanii wakisimama mahali pao kama vinyago. Halafu yanafuata mazoezi ya mwisho katika maleba kamili. Halafu watazamaji wanaingia. Kumbi ndogo hukodishwa kwa siku, kwa hiyo yote hayo huweza kubanwa katika siku mbili au tatu, na usiku wa onyesho la mwisho kila kitu kinafunguliwa na kupakiwa kabla hamjaenda kula. Mwenye kauli katika siku hizo si mwongozaji. Ni butai kantoku, msimamizi wa jukwaa, na hata mwongozaji mwenye jina kubwa humwomba ruhusa kupanda jukwaani.

Mimi sikuyajua hayo. Katika safari ya kwanza, usiku wa pili wa maonyesho, tulibadilisha mpangilio wa sehemu mbili kama tunavyofanya hapa kwetu, kwa kukonyezana tu, kwa sababu tulihisi watazamaji wamepoa. Taa zikaenda njia yao na sisi njia yetu. Kwa dakika tatu hivi nilicheza gizani huku upande usio na mtu ukiwaka buluu nzuri sana. Nilijua nitatukanwa, na nilikuwa nimejiandaa. Msimamizi wa jukwaa alinifuata chumba cha maleba, akainama, akaniomba radhi kwa kutotambua mapema kwamba huenda tungehitaji kubadilisha mpangilio. Dada yangu, heri angenitukana.

Ushauri wangu ni kwamba usiombe uhuru katika siku za ukumbini, maana hautapata. Omba wiki za mazoezi. Tena usizikubali wiki saba hizo kwa mkupuo mmoja. Zigawanye mara mbili, na katikati pawe na miezi kadhaa mkiwa nyumbani, ili yale mliyoyagundua yapate kuchacha. Sehemu ya kwanza isifanyike Tokyo, ambako chumba cha mazoezi hukodishwa kwa saa na saa nne usiku mnafikiria treni ya mwisho. Ziko nyumba za wasanii mikoani ambako unalala, unapika na unafanya mazoezi palepale. Inayojulikana zaidi kwa sanaa za maonyesho ni Kituo cha Kimataifa cha Sanaa cha Kinosaki, mjini Toyooka, mkoa wa Hyogo, kilichofunguliwa mwaka 2014 katika mji mdogo wa chemchemi za maji moto. Maombi hufanywa mwaka mmoja kabla au zaidi na ushindani ni mkali, lakini anayechaguliwa halipii malazi wala ukumbi. Mji una nyumba saba za kuogea za umma, na jioni unajikuta ndani ya maji ya moto pamoja na muuza samaki aliyekuja asubuhi kutazama mazoezi yako, akikuuliza kwa nini ulianguka. Kwa onyesho linalohusu pumzi na maji, sijui mahali pangine palipokufaa zaidi.

Kuhusu fomu wanazozitaka: andika dakika sabini, kisha tengeneza onyesho la dakika sabini. Usidhani natania. Katika maelezo ya tangazo usiandike onyesho litakuwa nini, andika swali la shangazi yako kama alivyolisema. Mratibu atalipenda, na halitakufunga.

Chetezo nacho kina maelezo mepesi. Sheria za zimamoto zinakataza moto wa wazi jukwaani, na ruhusa huombwa kwenye kituo cha zimamoto cha eneo husika kwa kupitia ukumbi, pamoja na mchoro unaoonyesha moto utakuwa wapi, nani anausimamia na chombo cha kuzimia kiko wapi. Kila mji mnaoingia, maombi mapya. Kumbi ndogo zilizo chini ya ardhi huwa zinakataa kabisa. Wenzako hawataki kukwambia “haiwezekani”, na pia hawataki kukwambia “inawezekana” kabla hawajawauliza watu watano, kwa hiyo wananyamaza. Uliza hivi: “Tukitaka kutumia moto, ni nani anayepaswa kuombwa, na kabla ya tarehe gani?” Swali la namna hiyo watalijibu siku hiyohiyo. Sisi tulikuwa na kibatari. Tuliishia na taa ndogo ya betri, na mpaka leo siipendi.

Mkalimani wa Naniwa (Osaka)

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaishi Osaka, na nimewahi kukalimani mazoezi ya maonyesho, kazi inayochosha kuliko ukalimani wa mahakamani. Nitazungumzia lugha peke yake.

Mkalimani asiwe mtu wa kuja kwenye vikao. Awepo tangu siku ya kwanza ya mazoezi, akae sakafuni pamoja nanyi, na ikiwezekana awe mtu anayejua Kiswahili, si Kiingereza pekee, kwa sababu mkipitia lugha ya tatu, neno kama bamvua litafika upande wa pili likiwa limekufa. Watu hao wapo. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada, na wahitimu wake wengine wamekaa Zanzibar na wanajua tofauti ya pweza aliyepigwa na asiyepigwa.

Jukwaani kwenyewe, wengi hukimbilia maandishi ya tafsiri yanayoangazwa juu au kando. Yatumieni kwa uchache. Kijapani huweka kitenzi mwisho wa sentensi, sisi tunaanza na kitenzi kilichobeba nani, lini na nini, kwa hiyo msanii wenu atakuwa ameshasema “wamezama” wakati msomaji bado anasoma habari za bahari, upepo na asubuhi. Onyesho zima likiwa na maandishi, watazamaji watakuwa wanasoma, na miili yenu haitaonekana.

Iko njia nyingine, na ni ya kwao kabisa. Katika bunraku, maonyesho ya vinyago ambayo makao yake ni hapa Osaka, msimulizi huketi pembeni akisema sauti za wahusika wote, na kinyago kimoja huchezeshwa na watu watatu wasiosema neno. Miyagi Satoshi aliichukua kanuni hiyo akaitumia kwa waigizaji hai katika kikundi chake cha Ku Na'uka, alichokianzisha mwaka 1990: kila mhusika ana watu wawili, mmoja anasema na mwingine anatenda. Baadaye, akiwa mkurugenzi wa kituo cha sanaa za maonyesho cha Shizuoka, alikwenda na kazi za namna hiyo hadi tamasha la Avignon. Fikiria sauti ya Kiswahili ikitoka pembeni na mwili wa mcheza dansi wa Kijapani ukiipokea, kisha mkageuza. Hapo tafsiri haihitajiki sana, kwa kuwa pengo baina ya sauti na mwili ndilo onyesho lenyewe, na kwa habari ya mtu anayezamia pumzi ikibaki juu, sioni njia iliyo karibu zaidi.

Kuna jambo moja la faraja. Lugha hizi mbili zina irabu zilezile tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Wasanii wenu watatamka Kijapani baada ya wiki moja bila kuonekana vichekesho, na wao vivyo hivyo watatamka Kiswahili, isipokuwa watasumbuka na “l” na “r”. Wasikaripiwe kwa hilo. Hata sisi wenyewe tuko wengi tunaozichanganya.

Mtazamaji wa huko hapigi vigelegele wala hajibizani na jukwaa. Atakaa kimya mpaka mwisho, atapiga makofi kwa kiasi, kisha atachukua karatasi ya maoni iliyowekwa kwenye kiti chake aandike ukurasa mzima kwa mwandiko mdogo. Karatasi hizo zitafsiriwe zote, kila usiku. Nimeona mwongozaji aliyedhani amefeli mbele ya ukumbi uliokuwa kimya, na kumbe mama mmoja safu ya nyuma ameandika jinsi alivyohesabu pumzi zake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Bamvua (Unguja)

Kaka Kinganga, ndugu Mkalimani, Mungu awalipe. Nimemwandikia mratibu swali la moto kama lilivyopendekezwa, na kweli jibu limekuja jioni ileile, lenye majina ya fomu na tarehe. Miji miwili inaweza kuruhusu, mmoja hauwezi.

Habari ya kutenganisha sauti na mwili imenikosesha usingizi. Nilikuwa nimepanga shangazi yangu asikike kwenye rekodi tu. Sasa najiuliza kama si yeye anayepaswa kukaa pembeni na kusema.

Limebaki suala la mali. Wenzetu wanapendekeza kwamba tangazo liandikwe jina la mcheza dansi kama mtunzi, “pamoja na wasanii kutoka Zanzibar”, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyepata ruzuku. Wanasema kwa nia njema na mimi sitaki kuharibu udugu. Nifanye nini?

Mweka Hazina (Nairobi)

Bi Bamvua, usikubali, na usisubiri kufika huko ndipo ukatae. Nimesimamia safari za vikundi vitatu kwenda Asia ya Mashariki na ninakuhakikishia kwamba udugu huharibiwa zaidi na jambo lililoachwa bila kuandikwa kuliko na jambo lililobishaniwa mapema. Aliyepata ruzuku ni mwombaji wa ruzuku. Mtunzi ni neno jingine.

Wajapani wenyewe wana mifano ya kila namna, na ni vizuri ukiwatajia ya kwao. Kikundi cha Dumb Type, kilichoanzishwa Kyoto mwaka 1984, kiliwakusanya wachoraji, wasanifu majengo, wanamuziki na wacheza dansi bila kuwa na mwongozaji mmoja mwenye amri juu ya wote. Kazi zao zilizunguka dunia kwa jina la kikundi, hata baada ya Furuhashi Teiji, aliyekuwa kama moyo wao, kufariki mwaka 1995. Mfano tofauti ni Okada Toshiki, ambaye mwaka 2018 aliongoza onyesho lililotokana na riwaya ya Uthis Haemamoon, mwandishi wa Thailand. Waigizaji walikuwa Wathai, lugha ilikuwa Kithai, na lilionyeshwa kwanza Bangkok, kisha Paris, na mwaka 2019 Tokyo. Pale mwongozaji alikuwa mmoja na kila mtu alijua, lakini chanzo kilitajwa kwa jina lake, na kazi ilianza kwao wenye lugha. Ninyi mchague mko upande gani. Lisilokubalika ni kufanya kazi kama Dumb Type na kutangazwa kama mali ya mtu mmoja.

Mkataba useme nani anaweza kulionyesha onyesho hili baada ya ziara kwisha, kama upande mmoja unaweza kuendelea bila mwingine, na rekodi za sauti ni za nani. Hapo pa rekodi patazame mara mbili. Mlio wa ama uliorekodiwa ulitoka kifuani mwa mtu, na kauli ya shangazi yako vilevile. Uvuvi wa ama wa Toba na Shima uliingizwa mwaka 2017 katika urithi wa utamaduni usioshikika wa taifa lao, lakini wazamiaji wenyewe ni wanawake wenye umri mkubwa wanaouza awabi kwa kilo, na sijaona bado bajeti ya onyesho ambayo imewatengea fungu. Mngekwenda Toba kabla ya kuanza mazoezi. Liko jumba la makumbusho ya bahari lililokusanya zana na maisha yao, na ni mahali pazuri pa kuanzia ili mpelekwe kwa watu kwa adabu.

Fedha sasa. Mlipaji wa Japani atakata kodi ya asilimia 20.42 katika ujira wa msanii asiye mkazi, papo hapo, kabla hujaiona. Kwa hiyo mkataba utaje kama kiasi mlichokubaliana ni kabla au baada ya makato, na mwombe stakabadhi. Msiingie kwa viza ya matembezi mkidhani onyesho dogo halitaonekana: viza ya muda mfupi hairuhusu kazi ya malipo, na jina lako liko kwenye bango. Mwenyeji wenu anapaswa kuomba idara ya uhamiaji ya kwao cheti cha ustahiki wa ukaazi, kwa kundi la wasanii wa maonyesho. Huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na kikitoka kina uhai wa miezi mitatu tu. Ndipo mnakwenda nacho ubalozi wa Japani, Dar es Salaam. Mkizigawanya wiki saba mara mbili kama alivyoshauri Kinganga, jambo ambalo naliunga mkono kwa upande wa sanaa, mjue mnalipa nauli mara mbili na kuomba vyeti mara mbili.

Mizigo iwe michache kadiri mnavyoweza. Ngoma zenye ngozi mbichi ya mbuzi zitasimamishwa na karantini ya wanyama uwanjani, kwa hiyo chukueni zenye ngozi ya kutengenezwa kiwandani au muazime huko. Zumari ya mpingo haina shida tena, kwani mpingo uko katika orodha ya miti inayodhibitiwa kimataifa, lakini tangu mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa. Kutoka mji hadi mji mtatumia treni ya kasi, ambayo kwa njia ya Tokyo hadi Osaka na kuendelea inataka mzigo unaozidi jumla ya sentimita 160, urefu, upana na kimo, uwe umewekewa nafasi pamoja na kiti. Vitu vizito vitangulizeni kwa wasafirishaji wa vifurushi, hufika kesho yake.

Fundi Taa (Arusha)

Naongeza machache ambayo waongozaji hawayaulizi.

Umeme wa Japani ni volti 100, na nchi imegawanyika mara mbili: mashariki, pamoja na Tokyo, ni hezi 50, na magharibi, pamoja na Kyoto na Osaka, ni hezi 60. Kompyuta haijali. Lakini kama onyesho lina feni ya kizamani au mota yoyote isiyo na kidhibiti, itazunguka kwa kasi moja Tokyo na kwa kasi nyingine Kyoto, na kama mdundo wenu unategemea feni hiyo, mtautafuta usiku kucha. Ilitupata, na tulimlaumu fundi wa sauti bure.

Mafundi wao hupima jukwaa kwa shaku, ambayo ni sentimita 30 na ushei, na kwa ken, ambayo ni shaku sita. Mchoro wako wa mita wataupokea kwa heshima, kisha wataubadilisha, na pengo la sentimita chache litatokea hapo. Waombe wakurudishie mchoro waliouchora wao.

Dada Bamvua, kama unafikiria kutundika kanga jukwaani, pazia na vitambaa vinavyoning'inizwa ukumbini vinatakiwa viwe vimetiwa dawa ya kuzuia moto. Kanga iliyovaliwa mwilini haihusiki. Dawa huinyima kanga ule mwanguko wake na hufifiza rangi kidogo, kwa hiyo pelekeni doti za ziada na mjaribu dawa hiyo kwenye kipande kabla ya kuzitia zote.

Na uwaombe saa moja ndani ya ukumbi mtupu, taa za kazi zikiwaka, kabla mafundi hawajaanza kufunga chochote. Msimamizi wa jukwaa akiombwa mapema hukubali. Mkae mpige mbinja zenu humo, mjue ukumbi unarudisha nini.

Bamvua (Unguja)

Nimewasoma wote kwa makini, na Bi Hazina nimemsoma mara mbili. Jana tulizungumza na wenzetu kwa saa tatu. Mcheza dansi alisema kwamba yeye mwenyewe hakuipenda ile sentensi ya “pamoja na wasanii kutoka Zanzibar”, bali aliogopa kuibadilisha baada ya kuiandika kwenye maombi ya ruzuku. Ameshawaandikia wafadhili, na onyesho litatoka kwa majina ya watu wote sita kwa mpangilio wa alfabeti, jambo linaloniweka mimi wa tano. Wiki saba zimekuwa tatu na nne. Zile tatu tutaanzia Toba, bila ukumbi na bila taa.

Chetezo tumekiacha nje ya jukwaa. Katika miji yote mitatu tutafukiza ubani uani, mlangoni pa kuingilia watazamaji, ili waingie nao kwenye nguo zao.

Shangazi amekubali kwenda, na ameshaanza kuulizia pasipoti. Sharti lake ni moja: safari iangukie maji mafu, kwa kuwa bamvua hawezi kuiacha.